Maswali kwa Fundi: Kabla hamjapiga stata

Shikamoo Fundi. Marehemu baba ametuachia Peugeot 404 ya mwaka 1966. Gari hili limelala bandani tangu nikiwa mtoto wa shule, na sasa mimi mwenyewe ni mama wa watoto. Halikupata ajali. Mama anakumbuka tu kwamba baba alilalamika maji yanapungua, akaliegesha, hakuligusa tena. Binamu yangu ameshanunua betri mpya na dumu la petroli; anataka Jumamosi tupige stata tuone kama litawaka. Kuna ubaya? Na kama upo, tuanzie wapi?
Binti wa mwenye gari

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kufiwa. Ubaya upo, tena mkubwa. Mwambie binamu yako betri aiweke pembeni, na hilo dumu la petroli lisikaribie tangi kabisa.

Namwelewa. Kila anayerithi gari la zamani anataka kwanza asikie mlio. Lakini fikirieni kilichomo ndani. Oili iliyokuwa kwenye beringi imeshuka yote kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ringi za pistoni huenda zimeshikana kwa kutu na ukuta wa silinda. Valvu zilizobaki wazi zimepigwa na unyevu, na baadhi zimegandia kwenye gaidi zake, yaani mirija zinamopita. Stata haijui hayo; yenyewe inazungusha tu, kwa nguvu zote. Niliwahi kufungua injini iliyolala miaka mingi kisha ikapigwa stata na watu wenye haraka. Pushrodi mbili, zile fimbo zinazosukuma valvu, zilikuwa zimepinda na ringi imevunjika, na ile ringi iliyovunjika ilikuwa imekwaruza silinda kutoka juu mpaka chini. Injini hiyo ilifika bandani nzima. Iliharibiwa na stata.

Sasa turudi kwenye neno la mama yako, kwa maana ndilo la thamani kuliko yote mliyoniandikia. Maji yalikuwa yanapungua. Yalikuwa yanakwenda wapi? Kwenye 404, silinda hazikuchongwa ndani ya bloku kama kwenye magari mengi. Ni slivu nne, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hutembea, zinazochomoka, na maji ya rejeta yanazigusa moja kwa moja kwa nje. Kwa chini kila slivu inakalia sili. Sili ikichoka, maji yanateremka kwenye oili bila hata tone moja kuonekana sakafuni. Njia nyingine ni gasketi ya hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Na hedi yenyewe ni ya alumini juu ya bloku la chuma. Maji yakikaa miaka bila dawa ya kuzuia kutu, alumini inaliwa kandokando ya matundu ya maji mpaka gasketi inakosa pa kukalia.

Kwa hiyo kazi ya Jumamosi ni hii. Wekeni bakuli safi chini ya sampu. Legezeni nati ya kumwagia oili kidogo kidogo, msiitoe, mpaka ianze kudondosha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yamelala chini kabisa na yatatangulia kutoka. Tazameni matone ya kwanza kwa tochi. Yakiwa ya maji, au ya rangi ya kutu, mmeshapata jibu ambalo baba yenu hakulitafuta, na injini hiyo itafunguliwa kabla ya jambo lingine lolote. Ikitoka oili nyeusi tupu, shukuruni, lakini bado mtoe filta, mshushe sampu na kuisafisha. Tope linalokaa pale huwa zito kiasi kwamba linakwanguliwa kwa kipande cha ubao.

Hedi ikibidi kutoka, fundi wenu azibane slivu kwa vyuma na bolti kabla hajazungusha krenki, shafti inayoendesha pistoni, hata robo. Asipozibana, pistoni zinazinyanyua, sili za chini zinaachia, na gari linarudi na tatizo lile lile mlilolifungulia. Muulizeni mapema kama analijua hilo. Asiyelijua ni fundi mzuri wa magari mengine.

Kama maji hayamo, toeni plagi zote nne, mziandike namba ya silinda yake, kisha mtie mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila tundu. Injini ya 404 imelazwa upande, nyuzi 45, ili boneti iwe chini. Mafuta mtakayomimina yatajikusanya upande wa chini wa silinda, na upande wa juu utabaki mkavu. Tumieni bomba la sindano lenye mpira mrefu kuelekeza mafuta juu, na mrudie kila siku. Msihesabu siku. Halafu giabox ikiwa huru, jaribuni kwa mkono: hendeli, au spana kwenye nati ya puli ya krenki. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Mkihisi imekataa, acheni, ongezeni mafuta, mrudi kesho. Mtu akileta bomba refu la kuongezea urefu wa spana, mnyang'anyeni.

Ikishazunguka, fungueni mfuniko wa valvu, mmoja azungushe na mwingine aangalie. Valvu ni nane na zote nane lazima zishuke na kurudi zenyewe. Inayochelewa kurudi imegandia, na hiyo ndiyo inayokunja pushrodi.

Petroli ya zamani mtaijua kwa harufu: inanuka uchachu, kama rangi ya mbao. Ikikaa, sehemu nyepesi huvukiza na inayobaki hugeuka gundi. Ukimimina petroli mpya juu yake, mpya inayeyusha ile gundi na kuipeleka kwenye kabureta na kwenye shina za valvu. Gari linaweza kuwaka vizuri siku hiyo, likapoa usiku, na asubuhi valvu zikawa zimenata. Tangi litoke, lioshwe, likaguliwe kutu kwa ndani. Mipira yote ya petroli ibadilishwe, hata inayoonekana mizima, kwa sababu petroli nyingi za siku hizi zina ethanoli na mipira ya 1966 haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Na kagueni kasha la filta ya hewa na bomba la ekzosi. Panya hupenda sana kuzalia humo.

Hapa sasa nataka unisikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa injini mbovu itakuacha njiani, lakini breki mbovu hazitakupa nafasi ya pili. Gari lenu lina breki za dramu magurudumu yote manne, na kama ilivyokuwa kwa magari mengi ya wakati huo, mfumo wa mafuta ya breki ni mmoja. Paipu moja ikipasuka mahali popote, pedali inakwenda sakafuni na magurudumu yote yanakosa breki kwa pamoja. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kupitia mipira. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Na yale maji yanakula masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na wili silinda (zile ndogo za kila gurudumu) kwa ndani, mahali usipopaona.

Msidanganywe na pedali. Mara nyingi gari lililolala likikanyagwa breki linatoa pedali ngumu, nzuri kabisa, watu wakafurahi. Mpira wa ndani ya masta silinda unashika mara chache za mwanzo, kisha unapita juu ya kutu na kukatika mdomo. Kuna na hozi tatu au nne za mpira chini ya gari: zinavimba kwa ndani na kuwa kama mlango wa upande mmoja. Mafuta yanakwenda ukikanyaga, hayarudi ukiachia, gurudumu linabaki limeshikwa mpaka linatoa moshi. Badilisheni mipira yote, hozi zote, na kila paipu ya chuma yenye kutu, hasa chini ya vibanio vyake, kwani ndiko maji hujificha. Msibadilishe kimoja mkaacha kingine kwa kuhurumia pesa. Kamba ya hendibreki nayo ifanye kazi kabla gari halijasogea kwa nguvu zake lenyewe. Jaribio la kwanza lifanyike uwanjani, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Suala la tairi ni fupi kulieleza. Kama zimebaki za zamani, zitupwe, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Za kununua zisomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Wapo wanaouza tairi "mpya" zilizokaa ghalani miaka kumi.

Nyaya zikagulieni kabla ya betri kufungwa. Plastiki inayokatika ukiikunja haifai.

Ndipo mnafikia mlio. Oili mpya, maji mapya, plagi bado ziko nje. Zungusheni kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Hapo mnajua beringi zimepata oili. Rudisheni plagi, safisheni pointi (swichi ndogo ya cheche iliyo ndani ya distribyuta), ipeni kabureta petroli safi kutoka chupa ndogo iliyofungwa imara mbali na ekzosi, na mtu asimame na kizima moto mkononi. Likiwaka msilinguruishe. Acheni litulie, mtazame geji ya oili na joto. Jambo moja litawashtua: feni ya 404 ina klachi ya umeme, inaweza kukaa bila kuvutwa na injini mpaka maji yapate moto. Msianze kuifungua kwa sababu hiyo tu. Ila joto likipanda nayo bado haishiki, zimeni injini, mkague kaboni yake inayopeleka umeme na swichi ya joto.

Safari za mwanzo ziwe fupi na karibu na nyumbani. Kila mkisimama, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Moja likiwa na moto kuliko mengine, breki yake haijaachia.

Nimeandika mengi kwa sababu gari lenyewe linastahili. 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake likichorwa na Pininfarina, na ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. La baba yenu ni la mwaka mmojawapo wa ushindi. Litendeeni haki.

Fundi, habari za kazi. Nimefufua Morris Minor na linatembea. Watu wananiambia bila petroli yenye risasi (ile metali, ledi) litakufa. Nifanye nini?
Mpenda Morris

Nzuri, ndugu yangu, na hongera. Petroli ya risasi usiitafute. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923, na Algeria ilipoiacha Julai 2021 ikawa nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya barabarani. Ni vyema imekwisha, maana risasi ile ilikuwa inaharibu akili za watoto.

Wanaokuonya hawakosei moja kwa moja. Hedi ya Morris Minor ni ya chuma na viti vya valvu vimechongwa humo humo. Risasi ilikuwa inaviwekea utando. Bila utando, valvu ya ekzosi inaweza kukila kiti chake taratibu. Lakini hilo hutokea zaidi kwa anayeendesha kasi kwa muda mrefu. Kwa mwendo wa kawaida pima uwazi wa tapeti, nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma: milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Andika vipimo daftarini. Ukikuta valvu za ekzosi zinapunguza uwazi kila unapopima, viti vinaliwa, na siku utakayofungua hedi ipeleke kwa wachongaji wakuwekee viti vigumu. Kama uwazi hausogei, endelea kuendesha.

Ukinunua betri au redio, kumbuka pia kwamba Morris Minor zilitoka kiwandani bodi ikiwa imefungwa kwenye chanya ya betri, si hasi. Angalia lako limeachwa hivyo au limegeuzwa kabla hujafunga chochote.

Fundi, nimepata gari la zamani lenye kutu. Nataka nianze na rangi ili nipate moyo wa kuendelea. Unashauri?
Mwenye hamu

Sishauri. Rangi ni ya mwisho. Utakapotoa injini, kuchomelea sakafu na kumwaga mafuta ya breki, rangi mpya itakwaruzwa na kubabuka. Mafuta ya breki yanakula rangi kwa dakika chache. Mbaya zaidi, rangi inaficha kutu unayotakiwa kuiona. Chukua bisibisi, ingia chini ya gari likiwa juu ya stendi imara, si jeki, gongagonga chesisi, kingo za milango kwa chini, na mahali springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya karatasi na bisibisi inazama. Weka alama ya chaki kila inapozama. Ukishazichomelea alama zote, niandikie tena tuzungumze rangi.