Hamu ya kucheza ilinirudia nikiwa nimeshika kayamba

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyecheza ngoma kwa miaka sita, ambaye siku hizi husikia mdundo na mwili usiitike, aache kabisa au ajilazimishe. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe, kwa sababu nimecheza na kikundi cha ngoma hapa Malindi kwa miaka 11, na katika mwaka wa nne nilifika hapo hapo ulipo.

Kazi yetu ilikuwa hotelini. Tangu Julai hadi mwisho wa Machi tulicheza ngoma tano ndani ya dakika 40, kila moja ikikatwa kwa filimbi ya kiongozi kabla wimbo haujakolea. Ilifika siku nikawa navaa hando, sketi ya marinda ya Wagiriama wa pwani hii ya Kenya, huku nahesabu dakika zilizosalia. Tabasamu lilibaki usoni, moyoni hapakuwa na kitu, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna mtazamaji aliyetambua tofauti.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuongeza mazoezi, kwani nilidhani ni uvivu. Nikawa naamka alfajiri kurudia hatua zilezile ufuoni, na usiku natazama video za wachezaji wa mbali nikijilinganisha nao, hata goti likavimba na hamu ikazidi kupungua. Kwa hiyo jichunguze kwanza: kama hupati usingizi, una maumivu, au unaishiwa nguvu hata katika kazi nyingine, muone daktari, maana mwili unaougua hautibiwi kwa mazoezi.

Masika yalipoingia na hoteli nyingi zikafungwa, nilikwenda kwa hawe, nyanya yangu, upande wa Marafa, nikakuta jirani ana matanga. Kina mama walikuwa wakicheza kifudu, ngoma ya msiba ambayo Mekatilili wa Menza aliicheza kijiji hadi kijiji mwaka 1913 alipokuwa akiwakusanya Wagiriama waukatae utawala wa Waingereza, na ambayo kikundi chetu hakikuwahi kuipeleka hotelini. Nilisimama pembeni kama mgeni. Hawe akanishika mkono akaniambia, «Mjukuu wangu, hapa hakuna watazamaji, aliyefiwa anangoja kuitikiwa.»

Usiku ule wimbo mmoja ulikwenda muda mrefu kuliko onyesho letu zima. Wazee wa miaka sabini na zaidi walitikisa bega kidogo tu na uwanja mzima ukaitika, ilhali mimi, niliyelipwa kwa kazi hiyo, sikujua niingilie wapi. Niliona haya, lakini pia nilifurahi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kulikuwa na jambo katika ngoma ambalo nilitaka kulijua.

Niliporudi Malindi nilimwomba mpigaji wetu anifundishe kayamba. Ni chombo cha mabua yaliyofungwa bapa, ndani yake mna mbegu za turitiri, na hukiona chepesi mpaka ukishike nusu saa. Kwa miezi miwili sikucheza hata hatua moja, nilitikisa tu. Ndipo nikagundua kwamba miguu yangu ilikuwa imezoea kufuata hesabu badala ya sauti. Unapokigeuza kayamba, mbegu huchelewa kidogo kufika upande wa pili, na ni ndani ya kuchelewa huko ambamo bega linapaswa kuingia. Hilo sikuwahi kulisikia miaka yote minne.

Nilimsihi kiongozi aache walau ngoma moja iende dakika 15 bila filimbi. Alikataa msimu mzima, akakubali uliofuata, na hata alipokuwa akikataa sikuhesabu tena dakika, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kusikiliza.

Kwa hiyo usiache bado, wala usijilazimishe uwanjani. Mtafute mpigaji atakayekubali uketi karibu naye wiki kadhaa, na muda huo usimwahidi mtu yeyote kwamba utacheza.