Nalia kila mkesha, Jumatatu niko vilevile

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi nafanya biashara ya viazi, nanunua Njombe napeleka Dar. Kila mkesha tukiitwa mbele kwa sala ya toba naenda, nalia mpaka shati linalowa, natoka mwepesi kabisa, lakini Jumatatu nikirudi kazini niko yuleyule, hasira zilezile, tamaa ya hela ileile, lumbesa kama kawaida maana bila hiyo hamna faida. Je, Mungu hajapokea toba yangu? Nirudie tena sala?

JIBU: Amen kaka, asante kwa kuandika wazi. Machozi yako siyadharau hata kidogo, ila naomba usome Mathayo 27 taratibu umwangalie Yuda. Alijuta, akaenda kukiri mbele ya makuhani kwamba amesaliti damu isiyo na hatia, akarudisha vipande vyote 30 vya fedha. Yaani yale tunayoyahesabu kuwa toba alishayafanya, na bado akaenda kujinyonga, kwasababu majuto yalimwacha anaona kosa lake tu, hakuona tena kama Yesu ni mtu wa kurudiwa. Petro naye alikana mara tatu usiku uleule akalia sana, lakini alivyosikia ni Bwana yuko ufukweni alijitupa ziwani amfuate (Yohana 21).

Toba kwenye Biblia inaanzia ndani, kwenye namna unavyoona. Mwana mpotevu alikuwa bado yuko na nguruwe, hajaomba msamaha kwa mtu yeyote, Luka anasema alizingatia moyoni mwake, ndo nyumba ya baba yake ikaanza kuonekana tofauti, safari ikafuata. Na Zakayo je? Hatusomi popote kwamba Yesu alimhubiria habari za kodi, alimwambia tu leo nashinda kwako, na yule mtu aliyezoea kuona watu wa Yeriko kama hela akasimama mwenyewe akasema nusu ya mali yangu wapewe maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne.

Sasa hiyo lumbesa. Umeiandika "kama kawaida", na mimi nimesimama hapo muda mrefu kaka. Nadhani mbele kule unalilia hasira, lakini lile gunia halijawahi kukujia kama dhambi. Mkulima amelima kwa jembe, mbolea kakopa, wewe unashonea kilemba juu ya gunia la kilo 100 mpaka linapitiliza halafu unamlipa bei ya gunia moja. Huyo mtu umeshawahi kumwona kweli, au unaona mzigo tu? Watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji tufanye nini, jibu lake lilikuwa fupi, msitoze zaidi ya mlivyoamriwa (Luka 3).

Kuhusu kurudia sala, omba Zaburi 51, pale Daudi anaomba aumbiwe moyo safi, maana alishajua mwenyewe hawezi kuutengeneza. Halafu msimu huu nunua kwa mizani. Faida itapungua, sikufichi, kwahiyo tafuta wenzako wawili watatu wa biashara hiyohiyo hapo kanisani mfanye pamoja. Hasira itachukua muda zaidi, usikate tamaa, hata Petro alikuja kukemewa na Paulo kule Antiokia (Wagalatia 2), na ilikuwa miaka mingi baada ya yale machozi.