Cheti cha jina la biashara hakitoshi: niliyojifunza nikiuza masala Tanga

Mdogo wangu unayeanza, kile cheti cha jina la biashara ulichopewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kitunze vizuri, maana benki watakiuliza na kwenye leseni kitaulizwa. Ila usidhani kimekumilikisha jina sokoni. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka minne.

Nilikuwa nikisaga masala ya pilau na ya chai hapa Tanga, nikifungasha kwa jina la utani la marehemu bibi yangu. Siku moja mteja wangu wa Muheza akanipigia simu: masala ya safari hii yana vumbi, hayanukii iliki. Nikamwomba pakiti moja. Jina ni lile lile, maandishi yameigwa hadi mkia wa herufi ya mwisho, lakini aliyefunga si mimi. Nikabeba cheti changu kwenda kulalamika, na huko ndiko nilikoelezwa. Jina la biashara linamtambulisha mfanyabiashara. Kinachotofautisha bidhaa yako na ya mwenzako ni alama ya biashara, na hiyo ina sheria yake, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ina maombi yake na ada yake. Kwa kuwa vyote viwili vinatoka BRELA, tunaochanganya ni wengi.

Hata asiyesajili anaweza kwenda mahakamani kumlalamikia mtu anayeuza bidhaa zake kana kwamba ni za huyo mlalamikaji. Lakini hapo mzigo wa kuthibitisha kwamba wateja wanalijua jina lako unaubeba wewe, na mimi ankara za miaka miwili ya mwanzo nilishazitupa. Zako usitupe. Weka ankara, vifungashio vya kwanza, picha za banda lako Sabasaba, vyote vikiwa na tarehe. Bahati yangu, aliyeniiga naye hakuwa amesajili, nikawahi kuomba.

Niliomba alama mbili, moja ikapita, moja ikakataliwa. Iliyopita ni jina la bibi. Iliyokataliwa ni maneno niliyoyapenda sana kwa ajili ya majani ya chai yenye tangawizi: yalisema tu kwamba ni chai, ina tangawizi, na ni kali. Niliumia, kisha nikaelewa. Maneno hayo kila muuza chai anayahitaji, sasa mimi nimnyime nani? Mnakumbuka habari ya kikoi: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “Kikoy” huko kwao. Watu wa Afrika Mashariki na marafiki zao wakalalamika, pingamizi likawekwa, na alama haikusajiliwa. Hoja yetu ilikuwa kwamba kikoi ni jina la nguo yenyewe. Basi na mimi nikubali kwamba chai ya tangawizi ni chai ya tangawizi. Tafuta neno lisiloieleza bidhaa: jina la kubuni, jina la mnyama kwenye sabuni, neno la kilugha chenu ambalo halina uhusiano na unachouza. Kadiri linavyokaa mbali na bidhaa ndivyo linavyolindika.

Kabla hujachapisha hata lebo moja, angalia kama jina limeshachukuliwa. Usitafute kwa tahajia moja tu, kwani linalofanana kwa matamshi nalo linakuangusha. Na aliyekuchorea nembo mwambie akusainie karatasi kwamba amekuachia haki zake zote.

Bidhaa na huduma zimegawanywa makundi 45, bidhaa 34 na huduma 11. Masala, chai, kahawa, unga na asali ni kundi la 30. Juisi ni la 32, sabuni ni la 3, mgahawa ni la 43. Kila kundi lina maombi yake na ada yake, kwa hiyo anza na kile unachouza leo na kile unachokusudia kweli kuuza karibuni. Alama isipotumika miaka mitatu mfululizo, mwingine anaweza kuomba ifutwe.

Msajili akiridhika, ombi linatangazwa kwenye jarida la alama, na watu wana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya unapata cheti. Kinadumu miaka 7 tangu siku ya kuomba, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Ile alama ya ® usiiweke kabla ya cheti kutoka.

Sasa jambo linalowaponyoka wengi wa pwani. Cheti cha BRELA kinaishia Tanzania Bara. Masala yangu yakipanda chombo kwenda Pemba, yameingia kwenye sheria nyingine, na usajili wake unafanywa na BPRA, wakala wa usajili wa kule Zanzibar. Ukivuka Horohoro kuuza Mombasa, ni KIPI, ofisi ya alama ya Kenya, ambako usajili ni wa miaka 10. Mimi nilianza Bara, msimu uliofuata nikaomba Zanzibar.

Na ukishapata, ulinzi ni kazi yako. Hakuna ofisi itakayozunguka sokoni kwa niaba yako. Nikikuta bidhaa iliyoigwa huwa nainunua na kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, naipiga picha dukani, kisha wakili anaandika barua. Yule wa kwanza aliacha kwa barua tu. Wakikaidi, nyaraka hizo hizo unazipeleka Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulikia bidhaa bandia, au mahakamani. Jarida la alama pia nalisoma kila linapotoka, kwa sababu siku 60 za pingamizi ni zangu pia. Na yule mteja wa Muheza bado tunapigiana simu kila mzigo unapofika. Kwanza ananiambia harufu ya iliki ikoje, ndipo tunazungumza hela.