Kushiriki utafiti wa saikolojia: hulazimishwi

Mdogo wangu, umeuliza kama chuo huko Marekani kinaweza kukulazimisha uingie kwenye majaribio ya saikolojia ndipo upate alama za kozi. Hapana. Wanaweza kuweka kushiriki kwenye masharti ya kozi, ila kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, zinataka upewe kazi mbadala ya haki. Mara nyingi ni kusoma makala na kuandika muhtasari. Na hata ukishaanza, ukiona hupendi, unanyanyuka unaondoka. Soma fomu ya ridhaa kabla hujasaini.

Majaribio ya kujifunza na ya utambuzi wa macho kwa kawaida hayatishi: unakaa mbele ya kompyuta, unakariri jozi za maneno, au unabonyeza kitufe kuonyesha mstari upi ni mrefu. Yanachosha tu, nenda umelala vizuri.

Ila mimi ningeenda, hasa kama umekulia nje ya Marekani. Unaujua ule mchoro wa mistari miwili yenye ncha za mishale, mmoja unaonekana mrefu kumbe iko sawa? Mwaka 1966 watafiti Segall, Campbell na Herskovits walichapisha matokeo ya mchoro huo kutoka jamii nyingi: watu wa Evanston, Illinois, huko Marekani, walidanganyika sana, Wasan wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, karibu hawakudanganyika kabisa. Wangepima wanafunzi wa kwao Marekani peke yao, wangedhani macho ya binadamu wote yako hivyo; ndiyo maana wewe wa nje una faida kwao.

Ukimaliza, muulize mtafiti alikuwa anatafuta nini. Kwa kawaida atakueleza.