Maswali yenu kuhusu kimea cha nyumbani

Nimechagua maswali yanayohusu kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ya kupikia pombe, kwa sababu wengi mnailaumu chachu au pipa, ilhali kosa lilianzia kwenye gunia.

Niloweke ulezi wa mbege (pombe ya ndizi na ulezi) kwa muda gani?

Mchana na usiku mmoja watosha, mradi maji yabadilishwe. Kisha uuchuje, uufunike kwa majani ya mgomba, na uuache siku mbili au tatu hadi uote vijimizizi.

Mahindi yaliyokobolewa yanaweza kuota?

Hayawezi, kwa kuwa kukoboa kumeondoa kiini. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno, nami nawaomba msome kabla ya kuuliza.

Mahindi ya sokoni hayaoti vizuri. Ninunue mbegu za duka la pembejeo?

Usithubutu. Mbegu hizo hupakwa viuatilifu, na rangi yake ya waridi au ya kijani imewekwa kumwonya mtu asizile. Kuziosha hakuzifanyi kuwa chakula. Nunua nafaka ya msimu huu, kisha jaribu punje 100 katika kitambaa chenye unyevu: zikiota chini ya 90, tafuta gunia jingine.

Kimea changu kimeshika ukungu upande mmoja. Nikikianika na kukichemsha, si utakufa?

Kuvu watakufa, lakini sumukuvu, yaani sumu waliyoiacha, haiondolewi na jua wala moto wa jikoni, na kuchagua punje zilizobadilika rangi hakutoshi, kwa sababu sumu yenyewe haionekani kwa macho. Mwezi Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji. Mwanzoni ilishukiwa nyongo ya mamba, lakini uchunguzi ukaelekeza kwenye unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko, ambamo bakteria walikuwa wametengeneza sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa. Anayepika pombe amebeba uhai wa majirani zake, kwa hiyo tupa kimea chote, wala usiwape kuku.

Mtama nao huoteshwa vivyo hivyo?

Ndiyo, lakini kwa tahadhari wanayoijua wafugaji, ambao huwazuia ng'ombe wasile mtama mchanga: mizizi na machipukizi yake yana kemikali inayozalisha sianidi. Kausha kabisa, sugua kwa viganja, na upepete mpaka yaishe, ndipo usage.

Nilitia kimea katika uji unaochemka, nao haukulainika.

Joto la kuchemka huharibu vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Acha uji upoe hadi nyuzi 65 hivi. Asiye na kipimajoto na angoje, kama wafanyavyo wapika togwa, hadi uwe vuguvugu, ingawa hapo kazi huenda polepole zaidi. Sukari ya dukani, ambayo wengi hukimbilia kuiongeza, huzidisha ukali wa pombe na kuuacha uji mzito vilevile.