Tulibandika Karatasi Ukutani, Kazi Ikabaki Palepale

Ungeingia ofisini kwetu hapa Kisumu mwaka ule tulipoanza ajaili (agile), ile njia ya kutengeneza programu kidogo kidogo huku ukimwonyesha mtumiaji mapema, ungedhani tumefuzu. Ukuta mzima ulijaa vikaratasi vya manjano na vya waridi, kila kimoja na kazi yake. Kila asubuhi saa mbili na nusu tulisimama duara, na hata mlinzi alijua neno sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi. Wageni walipiga picha. Kazi yenyewe ilijikokota vilevile.

Naandika kwa ajili yako uliyeitwa mkutanoni juzi ukaambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao nanyi mnafanya ajaili.

Sisi tunatengeneza mfumo wa simu wa kurekodi maziwa katika vyama vya ushirika Vihiga na Kakamega. Karani anapima, anaingiza lita, mfugaji anapokea ujumbe, na mwisho wa mwezi hesabu inatoka. Tulijifungia na mfumo huo miezi tisa bila kumwonyesha karani hata mmoja. Siku tuliyoupeleka kituo kimoja karibu na Luanda, kule Vihiga, saa kumi na mbili asubuhi, mama wa kituo alijaribu mara tatu, akanitazama. "Mwanangu, simu yako inataka nibonyeze mara ngapi? Foleni imefika barabarani." Akatoa daftari lake chini ya meza, akaendelea na kazi. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta njia nyingine.

Februari 2001, watu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi sana la ajaili. Wanasema wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi, na kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango. Watu husoma hapo wakaacha. Tamko lenyewe linakiri kwamba nyaraka na mipango pia ina thamani yake, kwa hiyo mwenzako akikuambia haandiki chochote kwa sababu "sisi ni ajaili", huyo ni mvivu tu.

Makosa yetu makubwa yalikuwa kwenye ule mkutano wa kusimama. Mwongozo wa skramu (Scrum), mtindo mmoja wa ajaili, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unaupa dakika 15, ili wanaofanya kazi wapangane wenyewe. Jina skramu limetoka kwenye raga, ambako wachezaji huinama na kusukuma pamoja. Yetu ilikuwa paredi ya shule: kila mtu akingoja zamu yake, macho kwa mwalimu mkuu. Mkurugenzi alisimama katikati, nasi tukajibu mmoja mmoja, "Naendelea vizuri." Kijana wetu mmoja alikwama siku sita kwa sababu simu ya majaribio ilikuwa imeharibika, na siku zote sita aliendelea vizuri. Nani atasema amekwama mbele ya mtu anayesaini mkataba wake?

Nilimwendea mkurugenzi jioni, tukiwa wawili. Mkubwa hakosolewi mbele ya watu wake, na ukifanya hivyo mageuzi yako yameisha siku hiyo. Nikamwomba asihudhurie mkutano wa asubuhi kwa mwezi mmoja. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa nitajuaje kama mnafanya kazi?" Swali la haki kabisa. Nikamwambia: kila Ijumaa ya pili njoo, tukupe simu mkononi, ubonyeze mwenyewe. Asiyeona kitu kinachofanya kazi ana ruhusa ya kutuuliza. Alikubali shingo upande. Wiki ya tatu ndipo mtu wa kwanza alisema, bila kuulizwa, "Mimi nimekwama." Nilitamani kumnunulia soda.

Jambo la pili lilionekana ukutani lakini hatukulisoma. Safu ya kazi zinazofanywa ilikuwa na karatasi 23, nasi tulikuwa watu sita. Mama anayekaanga samaki pale Dunga hawezi kufanya hivyo: ukijaza karai, mafuta yanapoa na hakuna samaki anayeiva. Tukaweka kikomo cha kazi mbili kwa kila mtu, na haanzi ya tatu mpaka moja iishe. Wakuu wa idara walinuna, kila mmoja akiona kazi yake imewekwa kando. Ni kweli, iliwekwa kando. Zamani pia ilikuwa kando, ila hakuna aliyemwambia.

Kama mnaishi kwa pesa za mfadhili, kaeni na mhasibu kabla ya kumwita mshauri wa bei ghali. (Cheti changu cha mafunzo ya siku mbili kiko ndani ya droo, chini ya risiti za mafuta.) Mpango wetu ulikuwa umesainiwa robo kwa robo, kila kipengele na tarehe yake. Mhasibu wetu, ambaye tulimwona kikwazo, ndiye aliyeona mwanya: tubakize lengo la idadi ya vituo vitakavyotumia mfumo, tuombe ruhusa ya kubadilisha vipengele vya ndani. Barua ya ukurasa mmoja. Mfadhili akakubali.

Wala usiitumie kila mahali. Tangi la kupozea maziwa tulilinunua kwa njia ya kawaida, zabuni na yote. Huwezi kununua robo ya tangi ili uone wafugaji wanasemaje.

Wiki mbili za kwanza baada ya hayo tulifanya mambo mawili tu: mfumo ufanye kazi bila mtandao, na karani abonyeze mara tatu, basi. Nikarudi kwa mama wa kituo. Siku hizi daftari bado liko chini ya meza. Anasema ni la siku ambayo stima imepotea na simu haina chaji. Ombi lake la juzi ni herufi kubwa zaidi, kwa kuwa asubuhi huwa bado giza na miwani huisahau nyumbani. Karatasi yake ndiyo ya juu kabisa ukutani wiki hii.