Kijana wangu alipoacha kutulia mezani

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Kijana wangu wa miaka 11 alikuwa na hesabu moja ya sehemu mbele yake, 3/4 kujumlisha 2/5. Aliandika 20 chini ya mstari, sawasawa kabisa, halafu akaiacha pale. Akaenda kunywa maji. Akarudi, akachonga penseli ambayo ilikuwa imechongwa. Akaenda msalani. Aliporudi tena goti lake lilikuwa likitikisika chini ya meza hata kikombe changu cha chai kikawa kinalia juu ya kisahani. Dakika arubaini zilipita na ile 20 ilikuwa bado iko peke yake.

Mtoto huyu ninamsomesha nyumbani, hapa Mombasa, tangu alipokuwa na miaka saba. Hakuwa mtoto wa kusukumwa. Alikuwa akimaliza kazi ya asubuhi kabla ya adhuhuri na kuniuliza kama kuna nyingine. Sasa katika wiki chache akawa mtu mwingine: kitabu hakimkai mkononi, swali la pili hakumbuki la kwanza lilisemaje, neno dogo tu analipuka, kisha analia na kuona haya kwa kulia.

Nilichofanya nakieleza kwa sababu najua kina mama wengine wako hapo hapo nilipokuwa. Nilimgombeza. Nilimwambia ameharibika, ameanza uvivu. Nikamnyima mpira wiki mbili nzima, mtoto ambaye mwili wake wote ulikuwa unalilia kutoka nje. Nilipomuuliza ana nini, alinijibu, "Ma, sijui mwenyewe. Miguu yangu haitaki kukaa." Nikasema hiyo ni dharau. Hadi leo jibu lile hunichoma, maana alikuwa ameniambia ugonjwa wake kwa ulimi wake mwenyewe.

Aliyetufungua macho ni wifi yangu. Alikuja kwetu Ijumaa, akalala chumba kimoja na watoto. Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kuandaa mahamri, akaniita pembeni. "Wifi, huyu mtoto halali. Usiku kucha anasugua miguu na kupiga ukuta teke. Na viganja vyake mbona vimekuwa vyeupe hivi?" Nikamwita kijana, nikamvuta kope ya chini kidogo. Ndani palikuwa pamepauka. Nami nilikuwa nikikaa naye uso kwa uso kwa muda wa saa nne kila siku.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Wakamdunga kidole, wakapima wingi wa damu (hemoglobini): gramu 10.4 kwa desilita. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, ikishuka chini ya 11.5 basi damu imepungua. Choo nacho kikapimwa, kikaonyesha mayai ya minyoo ya safura. Wazee wa kwetu walikuwa wakisema "ana safura" kwa mtu yeyote aliyepauka na kuchoka, na hawakuwa mbali na ukweli, kwa sababu mnyoo huyo hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo. Huingia kwa kutoboa ngozi, mara nyingi ya miguu, mtu akitembea pekupeku kwenye udongo wenye uchafu wa choo. Likizo ya Disemba tulikuwa kwa nyanya yake Msambweni. Viatu alivivua siku ya kwanza, akavivaa tena siku ya kuondoka.

Kitu ambacho sikukijua kabisa, na daktari alinieleza taratibu, ni uhusiano wa madini ya chuma na ile miguu. Mtoto aliyepungukiwa na chuma anaweza kupata hali ya miguu kutotulia, hasa jioni na usiku akiwa amelala. Haiwashi kwenye ngozi. Kijana wangu aliieleza kuwa kama sisimizi wanatembea ndani ya mfupa, na wanaacha tu akiitikisa au akiinuka. Basi mtoto hapati usingizi wa maana, na asubuhi anakaa mbele ya hesabu akiwa na damu hafifu na usingizi nusu. Umri wake ni wa kulala kwa muda wa saa 9 mpaka 12 kwa siku. Wangu nadhani hakuwa anapata hata saba.

Alipewa albendazole kwa minyoo, na dawa ya chuma ya miezi mitatu. Ukipewa dawa hiyo, usishtuke choo kikiwa cheusi. Ni chuma hicho. Na usimnunulie mwenyewe dukani kwa kukisia, kwa sababu chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto, na dawa hiyo iwekwe mbali na wadogo zake. Jambo jingine lilinigusa zaidi kwa sababu ni la jikoni kwangu: chai. Sisi watu wa Pwani chai iko asubuhi, iko alasiri, na wengine usiku na chakula. Chai huzuia mwili kufyonza chuma kilicho ndani ya kunde, mbaazi na mchicha. Nikaihamisha, siku hizi anakunywa saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye sahani namkamulia ndimu, ambayo husaidia kile chuma kuingia. Maini mara moja kwa wiki. Dagaa hapendi, lakini anakula.

Sasa nataka kusema jambo ambalo sijasikia likisemwa tunapokaa wazazi tunaosomesha nyumbani. Mtoto wa shule ana macho mengi juu yake. Mwalimu wa darasa anamwona kati ya wenzake arubaini na anajua nani ameanza kusinzia. Ubao ulio mbali unamfichua asiyeona vizuri. Na hapa Kenya kuna siku ya dawa za minyoo mashuleni, mpango wa kitaifa ulioanza 2009, na Pwani imo. Wangu siku hiyo alikuwa mezani kwangu akisoma. Baadaye nikaambiwa kwamba hata watoto wasiosoma shuleni hupokewa siku hiyo, ukimpeleka shule ya msingi ya karibu. Ulizia tarehe kwa mhudumu wa afya wa mtaa wako. Ukiamua kuwa mwalimu wa mwanao, umejitwika na kazi ya yale macho yote, na peke yako huwezi. Yatafute.

Ndiyo maana nilikwenda kwa ustadh wake wa chuoni, yaani madrasa, kisha kwa kijana anayewafundisha mpira, nikawauliza swali moja: huyu kwenu yukoje? Ustadh alisema anasoma vizuri ila amekuwa mchovu baada ya alasiri. Wa mpira alisema anaishiwa pumzi mapema. Hakuna aliyeniambia hasikilizi. Majibu hayo yalikuwa na uzito, kwa sababu jirani mmoja alikuwa ameshanitia hofu kwamba hii ni ADHD, hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuweka akili kwenye jambo moja. Hali hiyo ipo na ni ya kweli, na mtoto aliye nayo anahitaji msaada, si kiboko. Lakini daktari akiitafuta huangalia kama dalili zimedumu angalau miezi 6, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana zaidi ya mahali pamoja. Mtoto aliyekuwa ametulia miaka yote akabadilika ndani ya mwezi, tafuta kwanza kilichoingia mwezi huo.

Na si lazima kiwe minyoo. Macho yapimwe, hata kama anasoma bila kulalamika. Nyumbani kitabu kiko karibu siku zote, hakuna ubao wa kumuumbua. Ukiona anaduwaa sekunde kadhaa, unamwita hasikii, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona, kwa sababu kuna kifafa cha namna hiyo, kisicho na kuanguka wala povu. Na kuna swali ambalo ulimi unakuwa mzito kuliuliza. Muulize. Peke yenu, mkitembea, bila kumkazia macho: kuna mtu anakusumbua, kuna mtu amekugusa, kuna kitu umekiona kwenye simu? Nilimuuliza wangu tukienda dukani. Akasema hapana, na baada ya hatua kama ishirini akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya muda mrefu. Jibu likiwa ndiyo, hapa Kenya nambari 116 ni ya watoto, hailipiwi.

Wiki ya sita ya dawa mdogo wake alianza kulala bila kupigwa mateke. Rangi ikarudi viganjani. Nilidhani yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu lile lililobaki halikuwa ugonjwa. Suruali alizoshonewa Idi zilikuwa zimepanda juu ya vifundo. Jasho lake lilikuwa limebadilika harufu. Wavulana huanza kubaleghe popote kati ya miaka 9 na 14, na mimi nilikuwa bado namwona yule wa miaka saba. Hapa nilinyamaza, nikamwachia babake, na babake akamwongezea mjomba mtu, ambaye ana mazungumzo mepesi. Wakaenda naye kuvua usiku mmoja. Walimweleza ndoto, josho, nywele, sauti itakavyokatika, na kwamba sala sasa inakuja kuwa juu yake mwenyewe. Alirudi na changu wawili na uso uliotulia. Sikuuliza kitu, na nakushauri mama mwenzangu usiulize.

Masomo nayo niliyabadilisha. Hesabu zinakuja mapema baada ya alfajiri, kabla joto halijapanda, dakika 25 kisha anatoka nje, anaruka kamba au anachota maji, ndipo anarudi. Akitaka kusoma amesimama, asimame. Nilimpeleka soko la Kongowea na orodha na pesa kamili, akafanya asilimia za bei ya vitunguu kwa mdomo mbele ya wauzaji, na hesabu hizo hakuzikimbia. Na hesabu za sehemu sizifundishi mimi tena. Kuna mwalimu mstaafu mtaani kwetu, mara mbili kwa wiki kijana anakwenda barazani kwake. Kwake anakaa. Yale yale maneno nikiyasema mimi yanamkera, kwa sababu mimi ni mamake asubuhi, mamake mchana, mamake usiku, na umri huu unataka mtu mzima mwingine wa kumwonyesha alichokiweza.

Kuna shauri moja bado hatujalikata. Saa kumi jioni watoto wa shule hupita mbele ya nyumba yetu na sare zao, wakisukumana na kucheka, na yeye huwa dirishani. Nilikuwa nikimwita arudi mezani. Mwezi uliopita aliniuliza kwa sauti ya chini kama mwakani anaweza kuingia Gredi ya 7 pamoja nao. Nilihisi kama nimeambiwa sikufanya kazi ya kutosha, nikaenda jikoni nikatulia kwanza. Kisha nikamjibu tutazungumza na babake. Tumekubaliana mwezi wa kumi na moja twende tukaone shule mbili, yeye aulize maswali yake, nasi yetu. Jana amenikumbusha kwamba viatu vyake vya ngozi havimwingii tena.